Mimba ina wiki 13, sigara tatu za mwisho zimenishinda: naomba ushauri

Mama Kijacho, Dar es Salaam

Habari zenu wanajamvi. Nina umri wa miaka 29, nimeolewa, na mimba yangu ya kwanza ilitimiza wiki 13 juzi Jumatatu. Nimevuta sigara tangu nilipokuwa chuoni, na katika miaka ya karibuni nilikuwa navuta kati ya nane na kumi kwa siku. Tangu kipimo kiliponionyesha mistari miwili nimepunguza hadi tatu, na hapo ndipo nilipokwama kwa wiki tano sasa. Zile nyingine niliziacha bila taabu kubwa, kiasi cha kujiona shujaa, kumbe kazi yenyewe ilikuwa haijaanza.

Ya kwanza ni ya saa kumi na moja alfajiri kabla mume wangu hajaamka, ya pili ni ya baada ya chakula cha mchana nikiwa kazini, na ya tatu, ambayo ndiyo mbaya kuliko zote, ni ya saa nne usiku. Hiyo huivuta nyuma ya nyumba, nimejibanza kati ya ukuta na tangi la maji, nimejifunga kitenge cha zamani ambacho sikivai mahali pengine popote ili harufu isihamie kwenye nguo. Nikimaliza nasukutua kwa dawa ya meno, kisha namenya chungwa na kujisugua maganda yake kwenye vidole. Mume wangu havuti na, kwa kadiri ninavyojua, hajui kwamba mimi navuta.

Kinachonisumbua kwanza ni jambo aliloniambia shoga yangu mmoja, kwamba mwenye mimba hatakiwi kuacha ghafla kwa kuwa mtoto naye ameshazoea nikotini, na atapata arosto, yaani mateso ya kukosa alichozoea, humo humo tumboni hadi mimba iharibike. Nakiri kwamba maneno hayo yamenifaa sana kama kisingizio. Halafu sijui nifanye nini kiu yenyewe inaponishika. Mikono hutetemeka, nakuwa mkali kwa watu wasio na hatia, na kichefuchefu cha mimba kikijumlishwa juu yake najikuta nikiamini kwamba sigara moja tu ndiyo dawa. Tena kuna suala la kliniki. Hudhurio la kwanza tulikwenda pamoja na mume wangu kama tulivyotakiwa, na muuguzi aliponiuliza kuhusu pombe na sigara mbele yake nilijibu "hapana" kwa sauti ya mtu anayeshangaa kuulizwa. Muuguzi akaliandika jibu hilo mbele yetu, na sasa naogopa kurudi kulisahihisha.

Waliopitia haya, na wenye ujuzi wa afya, naomba mnisaidie. Naomba kuwasilisha.

Bint Kisauni, Mombasa

Pole sana dada, na hongera kwa mimba. Mimi nilianza na shisha, na ilipopigwa marufuku huku kwetu Kenya mwishoni mwa mwaka 2017 nikahamia kwenye sigara badala ya kushukuru kwamba nimepata sababu ya kuacha. Mwanangu sasa ana miaka mitatu. Niliacha nikiwa na mimba ya wiki 16, kwa hiyo uko mbele yangu.

Kilichonifungua macho ni Ramadhani iliyotangulia mimba ile. Nilifunga mwezi mzima, na saa tatu za asubuhi, wakati ambao siku za kawaida ningekuwa nimeshavuta mbili, nilikuwa mtulivu kabisa na sigara hata sikuikumbuka. Lakini adhana ya magharibi ikishalia, kabla tende haijashuka kooni, mkono ulikuwa tayari unaipapasa pakiti. Nikajiuliza: ikiwa mwili ndio unaodai, mbona unajua saa? Tangu hapo nikaacha kupigana na sigara yenyewe, nikaanza kupigana na mahali pake na saa yake. Kwangu mimi ilikuwa ni barazani baada ya isha, na kikombe cha kahawa mkononi. Nilipoliacha baraza na kahawa pamoja, nusu ya kiu ilikufa kwa kukosa pa kukaa.

Nusu iliyobaki niliikabili jikoni. Nilipoona kiu inakuja nilikaa juu ya mbuzi nikakuna nazi. Usicheke. Mikono yote miwili ina kazi, macho yanaangalia usikwangue kifuu wala usijikate kidole, na nazi moja mpaka iishe huchukua kama dakika saba au nane. Katika miezi ile yote hakuna kiu hata moja iliyowahi kudumu kuliko nazi moja. Ilipanda, ikafika kileleni nikiwa katikati ya kifuu cha kwanza, na nilipokishika cha pili ilikuwa inashuka. Majirani walikula wali wa nazi kwa gharama yangu, na mama mkwe akasifu kwamba mimba imenitia bidii ya jikoni.

Usiku, baada ya chakula, nilitumia mswaki wa mti, ule wa kutafuna ncha mpaka iwe nyuzi. Una urefu na unene wa kushikika, unakaa kati ya vidole vile vile vilivyozoea, na ukali wake unabaki mdomoni kiasi kwamba ukivuta sigara baada yake utaona ladha mbaya. Kwa sigara yako ya saa nne usiku ningeanzia hapo, na kwa hakika ningeacha kupita nyuma ya lile tangi hata kama ni kwenda kufungua maji.

Dada wa Kirumba, Mwanza

Mimi nilipokuwa na mimba ya pili nilianza kula udongo, ule wa vipande vya kukaangwa unaouzwa sokoni, na hamu ya sigara ikakatika yenyewe. Kila nilipotaka kuvuta nilitafuna kipande. Vilevile bibi yangu alitumia ugoro katika mimba zake zote saba na watoto wote walizaliwa wazima. Ugoro hauna moshi, kwa hiyo nadhani ni afadhali kwa mtu ambaye hawezi kuacha kabisa.

Mkunga Mstaafu, Tabora

Mwanangu Mama Kijacho, nimefanya kazi ya ukunga kwa miaka 31, sehemu kubwa katika mkoa ambao tumbaku ndiyo iliyosomesha watoto wengi, kwa hiyo sina sababu ya kukuhukumu. Nianze na maneno ya shoga yako kwa kuwa ndiyo yenye madhara kuliko yote yaliyoandikwa hapa. Hakuna ushahidi wowote kwamba kuacha ghafla kunamdhuru mtoto au kuharibu mimba. Arosto utakayoipata ni mateso yako wewe, na ni mateso ya kweli, lakini hayamnyimi mtoto chochote. Kinachomnyima ni sigara yenyewe. Moshi wake una kaboni monoksaidi, hewa ile ile inayowaua watu wanaolala na jiko la mkaa chumbani milango ikiwa imefungwa, na hewa hiyo huing'ang'ania damu kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200. Damu ya mtoto huishika hata kuliko damu ya mama yake. Nikotini nayo huibana mishipa inayopeleka damu kwenye kondo la nyuma. Ndiyo maana watoto wa mama wanaovuta huzaliwa na uzito pungufu kwa wastani wa takribani gramu 200, na ndiyo maana huongezeka hatari ya kuzaliwa njiti, ya kondo kubanduka kabla ya wakati, ya mtoto kufia tumboni, na ya kichanga kufariki ghafla akiwa usingizini.

Upande wa pili wa habari hiyo ni kwamba hewa hiyo haikai. Ukimaliza siku moja au mbili bila kuvuta, damu yako imeisafisha. Ukizima sigara ya mwisho Ijumaa usiku, Jumapili unapokwenda ibadani au sokoni mwanao anapata oksijeni kama mtoto wa mama ambaye hajawahi kuvuta.

Sasa kuhusu wiki zako 13. Mwaka 2009 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliowafuatilia wanawake zaidi ya 2,500 wenye mimba ya kwanza katika miji ya Auckland, New Zealand, na Adelaide, Australia. Waliokuwa wameacha sigara kabla ya wiki ya 15 hawakutofautiana na wasiovuta, si katika kujifungua njiti wala katika kuzaa watoto wadogo kuliko umri wa mimba. Kati ya walioendelea kuvuta, waliopata uchungu wenyewe kabla ya wakati na kujifungua njiti walikuwa asilimia 10, na kati ya walioacha walikuwa asilimia 4. Sisemi kwamba wiki ya 15 ni mlango unaofungwa, kwa sababu kuacha wakati wowote, hata mwezi wa nane, kuna faida, na Bint Kisauni aliyeacha wiki ya 16 asidhani alichelewa. Lakini ungekuwa binti yangu wa kumzaa ningekuambia usizipoteze hizi wiki mbili kwa kupunguza kidogo kidogo.

Kupunguza kwenyewe, kwa mtazamo wangu, ndiko kunakokutesa. Mwili wa mjamzito huiondoa nikotini kwa kasi kubwa kuliko alivyokuwa akifanya kabla ya mimba, kwa hiyo kiwango chake damuni hushuka mapema na kiu hurudi mapema. Wanawake wengi hudhani nia yao imelegea, kumbe ini linafanya kazi yake. Tena mtu aliyebakiza sigara chache huzivuta kwa pumzi ndefu na kuzimaliza hadi kwenye kichungi, hivyo moshi haupungui kwa kiasi ambacho idadi imepungua. Matokeo yake unaishi katika arosto isiyokwisha ambayo unaituliza mara tatu kwa siku ili iweze kuanza upya. Anayeacha moja kwa moja hupata siku mbili tatu ngumu kwelikweli, halafu mambo yanalegea, na katika wiki mbili hadi nne mwili huwa umetulia. Kikohozi kinaweza kuongezeka kidogo na choo kikawa kigumu, jambo ambalo mimba nayo hulileta, kwa hiyo kunywa maji ya kutosha, kula mboga za majani na mapapai yaliyoiva, wala usifikiri kuna kilichoharibika.

Kuna jambo moja ambalo watu hawaambiwi. Moshi wa sigara hulifanya ini liiondoe kafeini haraka, na ukiacha kuvuta kafeini hiyo hubaki damuni muda mrefu zaidi, wakati ambapo mimba yenyewe pia inaichelewesha. Chai ya rangi ile ile uliyozoea kunywa vikombe vitatu itakutetemesha mikono, itakunyima usingizi na kukutia hofu, nawe utasema ni arosto. Punguza chai na kahawa angalau kwa nusu tangu siku ile ile unayoacha. Bint Kisauni alipoacha kahawa pamoja na baraza alifanya jambo la maana kuliko alivyojua.

Dada wa Kirumba, asante kwa moyo wa kusaidia, lakini yote mawili uliyoyashauri siyakubali. Hamu ya udongo kwa mjamzito mara nyingi huambatana na upungufu wa damu, na udongo wenyewe huzuia madini ya chuma yasifyonzwe, hivyo hata mama akimeza vidonge vya kliniki kila siku wekundu wa damu haupandi. Isitoshe udongo wa sokoni unaweza kuwa na madini ya risasi au mayai ya minyoo. Anayehisi hamu hiyo aseme kliniki apimwe damu. Ama ugoro, ni kweli hauna moshi, lakini nikotini yake ni ile ile, na matumizi yake wakati wa mimba yamehusishwa na watoto njiti na watoto wanaozaliwa wakiwa wamekufa. Nikotini haihitaji moshi ili iingie mwilini. Huku kwetu nimewapokea wajawazito waliokuwa wakivuna tumbaku asubuhi majani yakiwa na umande, wakaletwa wanatapika na kushikwa na kizunguzungu, na hawajawahi kugusa sigara maishani mwao. Iliingia kupitia ngozi ya mikono. Bibi yako alikuwa na bahati, na kwa kweli nafurahi.

Mwisho ni kadi yako ya kliniki, Mama Kijacho. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2013 unataka kila mjamzito aulizwe kuhusu tumbaku mapema iwezekanavyo na katika kila hudhurio, kwa hiyo kusahihisha jibu ni jambo tunalolitarajia. Nenda peke yako, au mume akiwepo mwombe muuguzi mzungumze faragha, useme tu: "Kuna jibu nililolitoa nataka lirekebishwe." Sitakudanganya kwamba wauguzi wote ni wapole, ukimpata wa kukufokea, vumilia dakika zile na hudhurio lijalo mwombe mwingine. Tukijua, tunaupima ukuaji wa tumbo kwa makini zaidi, tunaangalia uzito, na ukija na dalili ya kutokwa damu hatupotezi muda kukisia.

Baba Pacha, Nakuru

Nazungumza kama mume. Mke wangu hakuwahi kuvuta. Mvutaji nilikuwa mimi. Alipokuwa na mimba ya mapacha nilihamishia sigara zangu kwenye veranda nikiamini kwamba ukuta unatosha, hadi jioni moja nilipoingia ndani akageuza uso ili asiisikie pumzi yangu. Hakusema neno. Nilipiga 1192, ile laini isiyolipishwa ya NACADA, mamlaka ya Kenya ya kupambana na pombe na dawa za kulevya, na mshauri wa upande wa pili akanisikiliza kwa muda mrefu kuliko nilivyotegemea. Niliacha baada ya majaribio matatu.

Dada, wewe una mume asiyevuta. Wanawake wengi wanaojaribu kuacha wanalala pembeni ya pakiti ya mtu mwingine. Mwambie. Hasira ya mume, hata ikiwepo, ina mwisho, ilhali kujibanza nyuma ya tangi kila usiku kunaweza kuendelea miaka. Nadhani pia kwamba sehemu ya ladha ya sigara ile ni ule ujanja wa kutogunduliwa, ingawa hapo naweza kuwa nimekosea. Jambo jingine: usidanganywe na vile vipakiti vidogo vya nikotini vinavyobandikwa ndani ya mdomo. Vijana wa huku wanavichukulia kama peremende.

Mama Kijacho, Dar es Salaam

Shikamoo Mama Mkunga, na asanteni wote. Nimeyasoma majibu mara nne. Nimechagua Ijumaa hii. Pakiti iliyobaki nimeilowesha kwenye ndoo ya maji ya kufulia, maana najijua, ningeitupa tu jalalani ningeirudia usiku kwa tochi. Kitenge nacho nimekifua na kukianika, na sasa kinatumika kupigia deki.

Nina swali moja zaidi. Katika duka moja kubwa la dawa nimeona jojo za nikotini na plasta za kubandika mkononi. Je, mjamzito anaruhusiwa kuzitumia?

Mkunga Mstaafu, Tabora

Marahaba mwanangu. Usijinunulie mwenyewe. Katika mwongozo ule wa 2013 Shirika la Afya Duniani halikuzipendekeza kwa wajawazito wala halikuzikataza, kwa kuona kwamba ushahidi hautoshi kuelemea upande wowote. Uingereza huruhusu wajawazito walioshindwa kuacha kwa njia nyingine wazitumie, kwa hoja kwamba nikotini peke yake, bila kaboni monoksaidi na lami, ni hatari ndogo kuliko sigara, nayo plasta hubanduliwa kabla ya kulala ili usiku mwili upumzike. Mimi hoja hiyo naikubali kwa mtu anayevuta nyingi na aliyekwishajaribu akaanguka. Wewe uliye kwenye sigara tatu jaribu kwanza bila kitu, na ukishindwa mwone daktari wa kliniki mzungumze, usirudi nyuma ya tangi. Vile vidonge vya kuachia sigara, yaani bupropioni na vareniklini, mwongozo huo hauvipendekezi kwa mjamzito.

Kwa saa zako tatu, mpango uwe hivi. Alfajiri usiamke kabla ya mumeo, au ukiamka oga papo hapo na ule kitu kikavu kabla ya kusimama sana, kwa sababu njaa na kichefuchefu cha asubuhi hufanana mno na kiu ya sigara. Mchana usibaki pale ulipolia chakula. Ondoka na wenzako wasiovuta, uwe na vipande vya karoti au embe bichi mfukoni. Usiku fuata ushauri wa Bint Kisauni, ila kama huna nazi, mchele wa kupembua unatosha.

Mama Kijacho, Dar es Salaam

Narudi kama nilivyoahidi kimoyomoyo. Leo mimba ina wiki 17. Niliacha Ijumaa ile, na siku ya pili ilikuwa mbaya kuliko maelezo yoyote niliyosoma. Nilipembua kilo mbili za mchele zilizokwisha kupembuliwa, nikamfokea fundi bomba, nikalia kwa sababu chumvi ilizidi kwenye mchuzi. Siku ya nne nilishtuka ni saa saba mchana na sijaifikiria sigara tangu nilipoamka. Chai nimepunguza hadi kikombe kimoja na usingizi umerudi.

Siku ya 12 nilianguka. Tulikuwa msibani, tumelala uani na wanawake wengine, na binamu yangu mmoja akanivuta pembeni kama zamani. Nilivuta nusu. Ilikuwa chungu, kichwa kikazunguka, na nilikasirika kuliko nilivyofurahi. Nilimwandikia Bint Kisauni ujumbe usiku ule ule, naye akanijibu kwamba nusu sigara haifuti siku 12, niendelee kuhesabu. Naendelea.

Kliniki nilikwenda peke yangu. Muuguzi alikuwa ni yule yule. Alinitazama kidogo, akachukua kalamu ya bluu, akakata jibu la zamani kwa mstari mmoja na kuandika jipya juu yake pamoja na tarehe niliyoacha, halafu akanipima tumbo kwa utepe. Hakusema lolote zaidi ya "Umefanya vizuri kusema." Nilikuwa nimejiandaa kwa mahubiri ya nusu saa.

Mume wangu ndiye niliyemwogopa zaidi. Nilimwambia Jumapili, baada ya chakula, maneno yote kwa mkupuo. Alinyamaza kwa muda, kisha akaniuliza kama nimekwisha kuacha au nataka kuacha. Nikamwambia nimekwisha kuacha. Akasema alijua tangu mwaka jana, kwa sababu hajawahi kuona nyumba yenye watu wawili inayomaliza machungwa saa nne usiku kila siku, na maganda yote yakawa kwenye ndoo ya uani wakati ndoo ya jikoni iko tupu. Hakuniuliza kwa kuwa alisubiri nimwambie mwenyewe. Hilo limeniuma na kunituliza kwa wakati mmoja, bado sijajua lipi zaidi. Siku hizi saa nne anatoka nami, tunazunguka mtaa hadi dukani kwa Mangi na kurudi.

Bint Kisauni, Mombasa

Alhamdulillahi. Nimesoma hadi mwisho nikiwa nimetabasamu, hasa hapo kwenye machungwa.

Nikuongezee jambo ambalo sikulisema mwanzo kwa kuogopa kukuvunja moyo. Mimi nilirudia mtoto alipokuwa na miezi minne. Wakati wa mimba mtu unalindwa na tumbo lenyewe, na siku arobaini unakaa ndani unakandwa maji ya moto na kuletewa uji, hakuna mwenye nafasi ya kuvuta. Shida huanza baada ya hapo, usingizi umekatikakatika, watu wameshaacha kukutembelea, na sababu uliyoiachia sigara imeshatoka tumboni. Nilivuta kwa wiki mbili nikaacha tena, na kwa wiki hizo mbili niliendelea kunyonyesha kwa ushauri wa muuguzi, navuta baada ya kunyonyesha na si kabla, na mtoto hakulala kitanda kimoja nami hata usiku mmoja, kwa sababu alinionya kwamba kichanga kulala pembeni ya mzazi anayevuta ni hatari ya kifo cha usingizini. Kwa hiyo mumeo msiache ile safari ya kwa Mangi mtakapomaliza arobaini, hata kama mtakwenda na mtoto mgongoni.

Miswaki ya huku kwetu ni minene na haichanguki upesi. Nina ndugu anayekuja Dar mwisho wa mwezi. Nitakufungia fungu moja, na ukiona haifai mpe Mangi.